Keringet, Mahali Mvua Inapogawana Njia

Wakenya wengi wakisikia jina la Keringet hukumbuka chupa ya maji. Wachache wameuona mji wenyewe, na wachache zaidi wameufikia kwa wakati wake, yaani mvua inaponyesha. Sisi wa Nakuru tukipanga safari ya wikendi hutazama mawingu kwanza. Tukiona yametanda upande wa Mau, tunaihamishia safari Naivasha au Bogoria kwenye jua. Mimi naamini mtu aliyepita nchi ya Kuresoi, ulipo mji huu, kwenye jua la Januari, vumbi likifunika mashamba ya minji kando ya barabara, bado hajaiona. Ile ni nchi ya mvua, na mvua ndiyo inayostahili kufuatwa hadi kwake.

Inakotoka panajulikana. Nchi kavu ikishapata joto la mchana, hewa yenye unyevu hutoka Ziwa Viktoria ikapanda miteremko ya Kericho na Bomet. Huko juu hukutana na upepo unaovuma kutoka mashariki, pande mbili zikasukumana hadi hewa ikakosa pa kwenda isipokuwa juu, na kufikia saa nane au saa tisa mawingu yameshakuwa meusi. Ndiyo maana Kericho na Nandi zinajulikana kwa mvua ya mawe, na ndiyo maana Msitu wa Mau, wenye hekta 400,000 hivi, umesimama mahali uliposimama. Katika chemchemi kuu tano za maji za Kenya, huo ndio mkubwa kuliko zote.

Ila kinachonivuta ni kile kinachotokea mvua ikishafika chini. Tone likianguka upande wa Njoro hushuka na Mto Njoro hadi Ziwa Nakuru. Likianguka karibu na Molo huchukuliwa na Mto Molo kwenda kaskazini, Ziwa Baringo. Upande wa Narok huingia Ewaso Ng'iro ya kusini na kuishia Natron, Tanzania. Na likianguka Keringet na ng'ambo yake, lina njia mbili: ama kwa Mto Itare hadi Sondu na Ziwa Viktoria, ama kwa Mto Amala hadi Mara, kupitia kwa nyumbu na mamba wa Serengeti, nao huingia ziwa lilelile karibu na Musoma. Kutoka ziwani ni Jinja, Naili, Khartoum, Kairo. Mvua ya Keringet ina pwani yake, nayo ni ile ya Bahari ya Kati, maelfu ya kilomita kutoka hapa.

Tulikwenda Mei, mjomba wangu na mimi. Mjomba aliendesha lori la viazi miaka mingi kutoka Molo hadi soko la Wakulima jijini Nairobi, na barabara ile anaijua kwa kila daraja. Tulipotoka Nakuru asubuhi, manyunyu tayari yalikuwa yameshuka juu ya ziwa. Ziwa lenyewe limekua. Tangu karibu mwaka 2010 maji yamepanda hadi yakalimeza lango kuu la zamani la hifadhi, na miti iliyokufa imesimama majini mbali na ukingo wa sasa. Mtu anayetaka kuelewa tunakokwenda angefanya vyema kuanza kwa kuitazama miti hiyo.

Kwenye njia panda ya Njoro tuliiacha barabara kuu. Malori ya kwenda Uganda yaliendelea kuelekea Salgaa na Sachangwan, na mjomba hakuyatazama. Hupenda njia ya Njoro hata ikiwa ndefu. Jioni ya tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka Sachangwan, watu wakakimbilia mafuta yaliyomwagika, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Madereva wa umri wake hawalizungumzi jambo hilo wakiwa kwenye usukani. Nami sikumuuliza.

Njoro ni nchi ya ngano. Mvua ikinyesha juu ya mashamba mapana kiasi kile, unaiona inavyotembea: pazia la kijivu linavuka kutoka kilima hadi kilima, na nyuma yake kijani kinageuka kuwa kizito zaidi. Chuo Kikuu cha Egerton kilianzia hapa mwaka 1939 kama shule ya kilimo, na kituo cha utafiti wa ngano kina umri mkubwa zaidi, tangu 1927. Wakulima wa mbali wana sababu ya kukijua kituo hicho kuliko wapita njia wa hapa. Ilipogunduliwa nchini Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1990, aina mpya ya kutu ya shina iliyoweza kuangusha karibu kila ngano, mbegu za nchi nyingi zililetwa Njoro zipandwe makusudi mahali ambapo ugonjwa upo, ili ijulikane ipi itasimama. Unyevu unaomlazimisha mwanafunzi wa Egerton kuvaa sweta mbili ndio huohuo unaoisaidia kutu.

Elburgon tuliipita haraka, harufu ya mbao mbichi ikiingia garini. Turi, misonobari. Molo tulisimama kwa chai, kwa sababu haiwezekani kupita Molo bila chai. Mji huu uko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, kusini kidogo tu ya ikweta, na mgeni wa pwani akishushwa hapa Mei bila sweta atadhani amedanganywa kuhusu ramani. Reli ya Uganda ilipita kwenye nyanda hizi ikielekea Kisumu, ambako ilifika Desemba 1901. Kwenye kibanda tulichoingia, jiko la makaa lilikuwa katikati ya sakafu na wateja wamelizunguka kimya, kila mmoja na kikombe chake. Mwenye kibanda, mama mmoja aliyevaa gambuti na kofia ya sufu, alimuuliza mjomba tunaelekea wapi.

"Keringet, mama."

"Na mvua hii?"

"Tunaifuata yenyewe."

Alimwangalia kidogo, akamwongezea chai bila kuongeza bei.

Kutoka Molo barabara inageuka kusini, na hapa ndipo safari inapoanza hasa. Ni ya lami, yenye kona nyingi, na mvua ikinyesha inang'aa hadi mtu anapunguza mwendo bila kuambiwa. Mashamba yanapanda hadi ukingoni mwa lami. Viazi ndivyo vinavyotawala. Nakuru ni miongoni mwa kaunti zinazoongoza nchini kwa viazi, na Shangi, inayokomaa kwa miezi mitatu hivi, imezifukuza aina nyingine karibu zote. Mei vinakuwa vimeinuliwa matuta, udongo mweusi umekatwa kwa mistari inayofuata kilima, na maji yanasimama kati ya tuta na tuta. Tuliona wanawake wakipalilia katikati ya mvua, karatasi za nailoni zimefungwa mabegani. Mjomba alipunguza mwendo akapiga honi kwa heshima, wakainua majembe kumjibu. Kisha akanieleza jambo ambalo yeye hulisema kwa uchungu hadi leo: gunia halali la viazi ni kilo 50, lakini madalali hulivisha kilemba cha wavu juu yake, likabeba viazi ambavyo mkulima halipwi. "Kilemba hicho," alisema, "nimekibeba miaka mingi mgongoni mwa lori, na kila kimoja kilikuwa karo ya mtoto wa mtu."

Katikati ya viazi kuna vipande vya pareto. Maua yake meupe yenye moyo wa manjano hujikunja mvua inapopiga, na shamba lote linaonekana limelala. Kwa miongo mingi Kenya ilikuwa mzalishaji mkuu wa pareto duniani, na sehemu kubwa ya dawa za kuua wadudu zisizodhuru sana binadamu ilitokana na vilima kama hivi. Malipo yalipoanza kuchelewa miaka ya mwanzo ya karne hii, watu waling'oa. Sasa baadhi wamerudi kupanda, na nilifurahi kuyaona maua yale, kwa kuwa nchi hii inayahitaji kama inavyohitaji minji na kabichi: mmea unaopenda baridi na usiomaliza udongo upesi.

Halafu unakuja msitu. Hauanzi polepole. Kuna mashamba, kuna ukanda wa chai iliyokatwa sawasawa kufikia kiuno, na nyuma ya chai kuna ukuta wa miti. Chai hiyo ni ya ule ukanda ulioanzishwa mwaka 1986 kuzunguka misitu ya serikali, ili mkulima na msitu wasigusane. Ukiendesha gari kando yake, msitu ukiwa mkono mmoja na nchi iliyolimwa mkono wa pili, unapata hisia ya mtu anayesafiri ufukweni: upande mmoja watu, nyumba, shule, makanisa ya mabati, upande wa pili kitu kikubwa kinachopumua chenyewe, kinachotoa ukungu na kuurudisha. Mitarakwa na mizaituni mwitu hutokeza kwanza, na ndani zaidi, kwenye baridi, mianzi. Tulisimamisha gari tukazima injini. Mvua ilikuwa imepungua barabarani, lakini ndani ya msitu ilikuwa bado inanyesha, maana majani huiachilia kidogo kidogo kwa muda mrefu baada ya mawingu kwenda. Kazi ya Mau ni hiyo. Msitu huichukua mvua ya saa moja ukaitoa kwa miezi.

Mtu akitaka kujua tofauti, atazame mfereji wa barabarani na kijito kinachotoka msituni mvua ileile ikinyesha. Mfereji ulikuwa mwekundu na unakimbia, umebeba udongo wa shamba la mtu. Kijito kilikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa, kinatembea. Sikuhitaji ripoti yoyote baada ya hapo.

Tuliingia Keringet saa kumi jioni, ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye paa. Ni mji mdogo wa barabara moja: maduka ya pembejeo, bodaboda wamejikusanya chini ya veranda, mbuzi wamejikinga wanakoweza. Hakuna aliyeshangaa kutuona wala aliyetuuliza tunauza nini. Tulisalimiwa "Chamgei" tukaitikia, tukaonyeshwa nyumba ya kulala wageni yenye blanketi nzito, na jioni tukala ugali, nyama ya kondoo na mboga za kienyeji katika hoteli iliyokuwa na joto la jiko na la watu. Mursik ililetwa kwenye kibuyu. Kabla ya maziwa kumiminwa humo, kibuyu hupakwa mkaa wa mti wa senetwet, nayo ladha ya moshi hubaki. Nimekunywa mursik ya pakiti Nairobi, na hii haikufanana nayo hata kidogo. Usiku mabati yalipigwa hadi hatukusikiana, na nililala usingizi ambao Nakuru siupati.

Asubuhi kabla ya jua walipita wakimbiaji. Kundi la kwanza lilikuwa la wasichana, wamevaa koti jepesi na kaptura ndefu, viatu vimejaa tope, pumzi zao zikionekana kwenye baridi. Hawakuruka madimbwi, waliyapita katikati.

Faith Kipyegon alikulia hapa, kijiji cha Ndabibit, na alisoma shule ya Winners Girls hapa hapa Keringet. Mwaka 2010, akiwa na miaka 16, alimaliza wa nne mbio za nyika za dunia kwa vijana huko Bydgoszcz, Poland, bila viatu. Mwaka uliofuata, Punta Umbría nchini Uhispania, alishinda, tena bila viatu. Kisha dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 mjini Rio 2016, Tokyo 2021, Paris 2024. Hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kuishinda mara tatu. Tarehe 5 Julai 2025, mjini Eugene, Marekani, alizikimbia mbio hizo kwa dakika 3 sekunde 48.68, akiivunja rekodi yake mwenyewe. Watu huko nje hutafuta siri katika viatu na katika maabara. Hawakosei, ila waje pia wasimame kando ya barabara hii alfajiri ya Mei. Mwinuko wa nchi unafanya hewa iwe nyepesi, vilima havina mahali pa kupumzika, na tope linamfundisha mtu kuinua goti.

Kuna habari moja ya Ndabibit ninayoipenda kuliko rekodi zote. Faith aliposhinda Rio, kijiji chao hakikuwa na umeme. Baba yake alimwomba Rais Uhuru Kenyatta hadharani awaletee, ili amwone binti yake akikimbia kwenye televisheni yake mwenyewe. Nguzo zilifika ndani ya siku chache. Binti alikuwa ameshakimbia miaka mingi kwenye nchi inayomwaga maji ya kuzungusha mitambo ya umeme huko Sondu, megawati 60 kwenye bonde la chini, na nyumba yao ikawa gizani hadi alipoleta dhahabu.

Maji ya hapa yana kawaida ya kuwafaidi wa mbali kwanza. Huko Ndoinet, ndani ya Kuresoi, ujenzi wa bwawa la Itare ulianza 2017 ili mabomba yapeleke maji Molo, Njoro na Nakuru. Mwaka 2018 kazi ilikwama, na watu wa chini mtoni walikuwa wameshapinga, wakiuliza Sondu itabaki na nini. Mimi ni mtu wa Nakuru, bomba langu hukauka siku kadhaa kwa wiki, na bado naona swali lao ni la haki.

Jumapili tulishuka kuelekea Olenguruone. Siwezi kuisifu nchi hii nikanyamaza kuhusu Olenguruone. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni iliwaweka hapa maelfu ya Wakikuyu waliofukuzwa kutoka nchi ya Wamaasai, ikawapa mashamba kwa masharti mengi ya jinsi ya kulima na jinsi ya kukaa. Walikataa masharti hayo, na katika kukataa kwao walikula kiapo cha umoja, wanaume, wanawake na hata watoto. Kufikia mwaka 1950 walikuwa wamefukuzwa wote, wengi wakapelekwa Yatta penye ukame. Mwanahistoria Tabitha Kanogo amekieleza kisa hicho katika uchunguzi wake kuhusu maskwota na chimbuko la Mau Mau. Baadaye, 1992 na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba ziliteketezwa kwenye vilima hivihivi na majirani wakakimbiana. Mwaka 2009 maelfu ya watu walitolewa msituni, upande wa Mau ya Kusini Magharibi, wakapiga mahema kandokando ya barabara. Na Waogiek, waliotundika mizinga yao kwenye miti hii kabla ya wote hao, walilazimika kwenda Arusha hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, iliyotamka tarehe 26 Mei 2017 kwamba haki zao katika Mau zimevunjwa.

Nayasema haya kwa sababu mvua haianguki kwenye nchi tupu. Kila shamba tulilopita lina mtu aliyeling'ang'ania, na mara nyingi mwingine aliyelipoteza. Kando ya barabara, mbele kidogo ya mji, mzee mmoja aliuza asali ya msituni kwenye chupa zilizotumika, nyeusi, yenye uchungu mwembamba mwishoni. Mjomba alinunua mbili, nao wakazungumza muda mrefu, mmoja akitumia Kiswahili cha Kikuyu na mwingine cha Kikalenjin, juu ya jambo ambalo wote wawili walilijua vizuri: mwaka ambao mvua haikufika Aprili.

Kutoka Olenguruone barabara inateremka, na kila kilomita inaongeza joto. Viazi vinapungua, chai inatawala, kisha mahindi marefu kuliko yale ya Molo, ambayo juu kule huchukua miezi mingi kukomaa. Masweta yalivuliwa. Silibwet ilikuwa na soko na jua la kwanza la safari nzima, na sikulifurahia kama nilivyotarajia.

Karibu na hapo, Tenwek, Mto Nyangores unaanguka kwenye mwamba. Misheni ilianza kutibu watu mahali hapa mwaka 1937, na tangu 1987 mtambo mdogo umetumia maporomoko hayo kuzalisha umeme wa hospitali. Mto ulikuwa umejaa. Chumba cha upasuaji juu ya kilima kilikuwa kinawaka kwa mvua iliyokuwa imetupigia bati, au kwa ya wiki iliyotangulia. Kwa vyovyote vile, kwa mvua ya kule juu. Chini zaidi Nyangores hukutana na Amala na kuwa Mara.

Atakayetaka kuifuata njia hii aondoke Nakuru asubuhi, ashike Njoro, anywe chai Molo lakini asilale Molo. Alale Keringet, kwa kuwa alfajiri ndipo wakimbiaji hupita. Abebe koti la mvua la kweli, viatu anavyokubali vichafuke, na fedha taslimu za asali na minji. Mvua ikizidi asimame, wala asijaribu njia za changarawe zinazoingia msituni, hata akiambiwa ni karibu. Siku ya pili ateremke na maji hadi Tenwek, kisha azungukie Kaplong na Kericho kurudi Mau Summit. Atakutana na mawingu ya saa nane yakipanda kutoka ziwani, upande wake wa kushoto, yakielekea Keringet.